Ubavu Uliokaa Upande

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mafua yamekuachia na wanangu wanakuacha ulale. Mimi ni mzima, ila vidole vinanuka gundi hata nikila, ndiyo maana hapa karakana wananiita Gundi. Mama hajambo. Anauliza kwa nini simu zako zimekuwa fupi, nami nimemeza ulimi.

Uliniomba nimchunguze mumeo. Haya, nimemchunguza. Soma mpaka mwisho kabla hujagusa sanduku la nguo, maana hasira zako nazijua.

Unajua shemeji alivyokuwa msumbufu na fimbo zake za gofu, ambazo mimi ndiye ninayezivisha mishikio. Wachezaji wa kulipwa ndivyo walivyo, kila mmoja na mshikio wake wa kukamatia fimbo. Huyu anataka wa mpira laini, yule anataka uliofumwa kwa nyuzi ukwaruze kiganja hata jasho likimtoka. Shemeji alikuwa mtu wa nyuzi, mshikio mwembamba, tepu moja tu chini yake. Nikizidisha kidogo, fimbo inarudi na manung'uniko juu.

Sasa ghafla anakuja wenzangu wakiwa wameenda kula, anataka mishikio minene, laini, tepu juu ya tepu. Eti jambo hili libaki kati yetu. Jamani, mshikio nao ni wa kufichwa? Halafu ananukia ile harufu kali uliyoniandikia. Na glavu ya mkono wa kushoto haivui hata akinywa chai. Nikajisemea, humo ndani pete haimo, huyu bwana anatuchezea shere.

Mishikio ya zamani aliyoniachia nikaigeuza geuza. Dole gumba lake la kushoto lilikuwa linachimba kishimo palepale, miaka yote. Safari hii hakuna kishimo. Nikaona fimbo anashika mtu mwingine, mwanamke anayefundishwa kucheza, na mimi mdogo wako ndiye ninayemtengenezea!

Nikamtegea. Ndani ya mshikio kuna ubavu mwembamba, kama tuta dogo la mpira, ambao lazima ukae sawasawa chini ya vidole. Ukihama kidogo, mchezaji wa kweli anaruka. Mimi nikaubandika makusudi umekaa upande kabisa. Kama anayecheza ni yeye, nilijua atanirudishia siku hiyohiyo akiwaka. Kama ni mtu asiyejua kitu, itapita kimya.

Shemeji alirudi siku nyingine, mpole, akausifu ule mshikio na kuomba fimbo zote niziweke hivyohivyo.

Dada, nilimtolea uvivu. Nilimwita mwongo, nikamwambia harufu unaijua, pete najua haivai, na mizigo unakaribia kufunga. Alikaa juu ya boksi la mipira, akaniomba nifunge mlango, akaivuta glavu kwa meno.

Mkono ule umekufa ganzi. Dole gumba na vidole viwili havisikii kitu, ndiyo maana kishimo hakipo, ubavu hakuuhisi, na mshikio mwembamba unamponyoka. Alichukua sindano yangu akajidunga. Damu ikatoka, yeye ananitazama tu. Pete aliivua kwa sababu ilimkata asijue, mpaka alipoona damu imelowesha glavu. Ameishonea kwenye mfuko wa fimbo zake, nimeipapasa kwa mkono wangu. Harufu ni dawa ya kujichua. Daktari ameshamwambia aache kucheza, naye hana kazi nyingine anayoijua, na anaamini ulimpenda kwa ajili ya vikombe vyake. Nilimuuliza kwa nini basi anakugeuzia mgongo kitandani. Akasema anaogopa utamshika mkono, halafu yeye asijue.

Nililia, Dada, na wewe nakujua utalia. Nisamehe, mawazo mabaya niliyokuwa nayo yalikuwa mengi kuliko yako.

Ameniahidi atakueleza mwenyewe akirudi huko nyumbani, ila sikuweza kukuacha na ile picha kichwani. Mama nitamwambia mimi, taratibu. Wabusu wanangu wote, na yule mdogo mwambie shangazi wa gundi anamkumbuka... ah, mama mdogo, nimeshachanganyikiwa! Nguo zirudishe kabatini.

Na akifika, mshike mkono. Ule wa kushoto. Halafu mwambie kwamba umeushika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gundi