Babu Kafutwa kwenye Gari

Jumatatu, 3 Machi

Leo raha tupu. Mama kanipa picha za babu, zile za magari ya kale, nikazisafishe kwenye kompyuta ya studio ninakofanya kazi, kabla ukungu haujazimaliza. Nimesahau hata kula! Magurudumu yana spoki kama za baiskeli. Taa kama chemli. Honi ya mpira, ya kuminya. Na babu, utingo wa enzi hizo, kasimama mbele kashika hendeli ya kuwashia injini. Tajiri wake kakaa kwenye usukani, kanuna. Aliyetoka jasho ni babu, na anayecheka ni babu huyo huyo.

Jumatano, 5 Machi

Kefule! Bosi kafungua picha zangu bila hata hodi. Kuna mteja anaoa, anataka wakwe waone kwao walikuwa na gari tangu zamani. Basi bosi kamtoa tajiri, kambandika babu wa mteja — shingo imepinda, kivuli kimeangukia upande usio wake. Kisha kamfuta na babu yangu! Eti anaziba rejeta, uso wa gari hauonekani. Gari lenyewe kalipaka pinki. Nikatoka nje kutema mate.

Nikamwambia huyo ni babu yangu. "Kwani marehemu atakuja kudai?" Bosi huyo, huku anatafuna, vidole vya mafuta juu ya picha halisi. Hana haya.

Alhamisi, 6 Machi

Picha imechapwa, kubwa kama mlango. Vidole vya babu vimebaki kwenye hendeli! Vidole tu, havina mwenyewe. Bosi hakuviona. Mteja naye hakuviona, anajisifu tu: "Gari letu hilo!" Waende navyo ukumbini.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kaja studio. Nikamwonyesha ule uchafu kwenye kompyuta, nikajua leo bosi atakiona cha moto. Mama kaitazama weee. Kisha: kumbe mtu anaweza kuhamishwa?

"Basi mkalishe baba yangu kwenye usukani."

Nikasema mama, huo ni uongo, unanitia kinyaa.

"Watu baki wamekalia gari la baba, yeye tu ndiye hana nafasi? Alimwashia mwenzake maisha yote, mwanangu. Hata siku moja hakupandishwa mbele."

Bosi kacheka mpaka kapaliwa. Mbwa yule.

Nimekaa, nimefungua ile ya asili. Nimemkata babu taratibu, ndevu kwa ndevu. Tajiri nimemfuta mwenyewe — na nilifurahi! Nilifurahi kabisa, hicho ndicho kinachonichefua sasa. Babu yuko kwenye usukani. Kanoga. Hata kivuli nimekiweka sawasawa, kuliko bosi.

Mbele ya gari hakuna mtu.

Mama yuko mlangoni, anamkanya bosi asinihimize. Bado sijahifadhi. Ananiita, anauliza kama baba yake ameshakaa vizuri —