Msilivute Tela la Boti Mpaka Nirudi

Baba watoto, na nyie wanangu,

Tangu juzi umbea wa pale dukani haunitoki kichwani: eti tairi la tela la mtu lilichomoka barabarani, likalipita gari lake mwenyewe, na boti ikaishia mtaroni. Mlinicheka. Haya, chekeni tena.

Leo asubuhi mkiwa mmelala nilichukua spana nikakaze nati za tela letu. Nilizungusha mpaka jasho likanitoka, nikajiona fundi. Binti akatokea na mswaki mdomoni: "Mama, mbona unalegeza?"

Basi mimi niliyeogopa tairi lisichomoke, nilikuwa nalichomoa kwa mikono yangu miwili. Nimezirudisha, lakini siziamini.

~~Baba watoto, zikaze wewe, halafu nendeni ziwani.~~ Hapana, moyo umekataa. Nimemfuata fundi, saa nne tutakuwa hapa. Chai ipo kwenye chupa.

Kwa hiyo:
Msilifunge tela kwenye gari.
Msilisukume hata hatua moja.
Msikaze nati mbili tatu mkasema inatosha.
Msiniamini hata nikiapa kwamba zimekaza.

Mama yenu