Mlango wa Chumba cha Mwali

Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Hapa nimejiitikia marahaba mwenyewe kwa niaba yako. Vipi goti? Mto Mkondoa umewaachia mpunga mwaka huu, au umejipitia tena shambani? Mimi mzima wa mwili. Chakula kipo, kiyoyozi kipo, hata paka wa nyumba hii ana daktari wake. Mtu wa kumwamkia ndiye hakuna. Juzi asubuhi nilijikuta naliamkia jokofu. Nikacheka peke yangu, kisha nikakaa chini nikalia.

Barua hii anakuletea Tatu wa Dumila, anayefanya kazi kwenye nyumba ya jirani. Anarudi nyumbani moja kwa moja. Tulikuwa tunakutana tukitoa taka, tunasimama hapo hapo kuongea Kiswahili mpaka tuitwe. Sasa taka nitazitoa kimya. Sikupiga simu kwa sababu simu ya Mjomba Saidi huwekwa spika na uani wote ukasikiliza, na haya ni ya kwako. Soma mwenyewe, polepole, kama ulivyojifunza kwenye elimu ya watu wazima.

Mjomba aliniambia kwamba Tausi amevunja ungo na mmemweka ndani. Nilipiga kigelegele jikoni kwa watu, mama mwenye nyumba akaja mbio akidhani nimeungua. Marehemu dada Mwanaisha alituachia mtoto huyo mmoja tu, na tangu siku ile ni wangu. Kisha Mjomba akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba nesi wa zahanati alikuja kumfuata kwa chanjo aliyoikosa shuleni, na wewe ukamrudishia mlangoni.

"Mama yako kamwambia mwali haonekani," akasema. "Na ugonjwa wenyewe wa wakubwa. Wamfungue mtoto macho bure, au wamfunge kizazi?"

Uani wote ukacheka. Mimi nikakata simu, nikatafuta kalamu.

Mama, chanjo ile ni ya saratani ya shingo ya kizazi. Ndiyo iliyomuua dada.

Unakumbuka ilivyoanza. Damu nje ya siku zake, na damu kila alipokutana na mumewe. Tukasema mimba zinaharibika, tukamchemshia mizizi. Maumivu hakuwa nayo, basi tukatulia. Ilipokuja harufu, mwenyewe akarudi kwetu, akahamia chumba cha nyuma, hataki kuonekana. Nilipomfikisha hospitali kule Mikumi, saratani ilikuwa imeshasambaa. Nesi Paulina, yule mnene aliyekuwa akituletea maji ya moto, alinikalisha kwenye benchi la nje.

"Mdogo wangu, hii inaletwa na kirusi," akaniambia. "Kinaitwa papiloma. Kinapita mwanamume na mwanamke wakikutana."

"Sasa nani alimletea? Shemeji?"

"Hilo halina jibu, usijichoshe. Wengi tunakipata, wanaume kwa wanawake, hata mwenye mume mmoja maisha yake yote. Mwili wa wengi unakifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki kwenye shingo ya kizazi miaka na miaka, kimya, kinaziharibu seli za pale kidogo kidogo mpaka zinaanza kuota ovyo. Ukiiona damu, ujue kimekaa siku nyingi."

"Nyumbani wanasema karogwa. Wengine wanasema alikuwa mhuni."

"Waambie wote hapana."

Siku ya arobaini nilitaka kukueleza, ukaniambia tusimseme marehemu. Nikanyamaza kwa heshima yako. Leo nasema kwa ajili ya aliye hai.

Chanjo inaufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijafika. Ndiyo maana wanachanjwa watoto, kwa sababu kikishaingia, chanjo haikitoi. Haifungi kizazi hata kidogo, inakilinda. Nanyi wakubwa mkapimwe, maana mabadiliko yakionekana mapema yanatibika.

Sikuombi umtoe Tausi kabla ya siku yake. Najua mwali hatoki juani. Lakini mwanamke aliyechezwa unyago anaingia kwa mwali, huo ni utaratibu wenu wenyewe. Yule nesi wa zahanati ni mzaliwa wa Chanzuru, alichezwa kama sisi, na mwaka nilioondoka alikuwa ngomani akiwashinda nyote kwa kiuno. Mwite. Aje na kisanduku chake cha baridi, mfunge mlango, amchome begani, atoke. Mtamfundisha Tausi mambo ya mume, jiko na adabu. Kirusi hiki nacho kiko katika dunia hiyo hiyo mnayomwandaa kuingia. Mjomba akikuuliza, mwambie ya chumba cha mwali si ya wanaume.

Naogopa, Mama. Niko mbali na siwezi kuugonga mlango huo mwenyewe. Chumba mlichomweka Tausi, hicho hicho cha nyuma, ndicho alichowekwa dada alipokuwa mwali. Nilikuwa nachungulia penye ufa wa mlango, namwonea wivu kwa kuku aliokuwa akiletewa. Siku ya kutolewa alitoka anang'aa mafuta, nikamkimbilia. Mara ya pili alipotoka chumba kile, tulikuwa tumembeba kwenda Mikumi.

Nisalimie shemeji, baba yake Tausi, mwambie sina neno naye. Nisalimie kungwi, na Mjomba pia, pamoja na spika yake. Mwali umwambie mama yake mdogo anamchezea ngoma huku jikoni, peke yake, mbele ya paka.

Kunijibu kwa barua usijisumbue. Ila siku nesi atakapokuwa ametoka chumbani, mwambie Mjomba anipigie, na aweke spika. Nataka uani wote usikie.

Mwanao,
Hawa