Mpira Ulionasa Kwenye Dishdasha ya Babu Yako

Mjukuu wangu Nasri,

Hapa Ibra sote wazima, alhamdulillahi, ila babu yako kakatazwa halua na amenuna. Unaniuliza utaizoea vipi timu ya mpira ya huko ugenini, nao wenzako wanakucheka.

Miaka ya sabini skuli yetu ilikuwa na mwalimu Mmisri, wa kwanza mjini kwao kucheza mpira Ulaya. Sifa yake kuwapitishia watu mpira baina ya miguu. Akamjaribu babu yako, kipa wetu, aliyekataa kabisa kuvua dishdasha, kanzu yake ndefu. Mpira ukanasa humo humo! Nikapiga vigelegele juu ya paa la kwetu, nilikokuwa nikitazama.

Mmisri akacheka kutushinda sote. Kesho yake kaja uwanjani kavaa dishdasha. "Haya ustadh, nifundishe," akamwambia babu yako.

Kila akikimbia, anaanguka, anajicheka mwenyewe, anainuka tena. Ndipo nilipofahamu Ulaya alidumu vipi.

Bibi yako, anayekuombea na kukucheka