Nyigu wa Ghalani

3 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko kazini? Mimi mzima, ila goti tu. Haya, kopo lako nimelipata. Nimelifungua mbele ya shangazi yako, vikatoka vijidudu vyeusi vidogo kama chembe za mchanga, vikaingia ghalani. Fukusi wananimalizia mahindi, nawe unaniongezea wadudu! Shangazi kacheka mpaka kashika mbavu. Nilikusomesha uje kunifanyia mzaha? Kaka yako kasema atanunua vidonge vya sumu, amalize mchezo.

Mama yako


12 Juni

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi nipo, ila barua yako imenichoma. Wale ni nyigu, tunawafuga hapa maabara. Hawaumi mtu, hawali mahindi. Jike humsaka mtoto wa fukusi ndani ya punje, akamtagia yai, na kinachoanguliwa humla fukusi. Basi! Lakini vidonge vile hutoa hewa inayoua, na kitanda chako kimetenganishwa na ghala kwa mbao tupu. Mwambie Kaka asithubutu!

Binti yako


9 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimetoka hospitali wiki iliyopita.

Barua yako ilikuta vidonge vimeshawekwa, nami nimeshalazwa. Nilijilaza mchana, nikaamka natapika, kifua kimebana, chumba kinanuka kama vitunguu saumu. Shangazi yako ndiye aliyenikokota nje. Kaka yako analia, anasema hakujua. Kila asubuhi ananiamkia, namwitikia kwa adabu tu.

Ila wewe nawe! Unatuma kopo limefungwa utepe, bila hata neno moja! Mimi ningejuaje? Huko mnaongea na wadudu, watu mmewasahau? Ungeandika mapema yale uliyoyaandika baada ya kukasirika, nisingelala kwenye sumu.

Nyigu wako wamekufa wote.

Mama yako


20 Agosti

Mwanangu,

Barua yangu hujaijibu. Najua umenuna, nami bado nimenuna.

Fukusi wamerudi, safari hii kwenye magunia mapya. Kaka yako kaleta vidonge vingine mpaka mlangoni. Nimevitupa chooni mbele ya macho yake, nikamwambia akivirudisha, ahame yeye.

Niletee nyigu wengine. Usitume, lete mwenyewe, uwaeleze kaka yako na shangazi yako, na mimi nikiwemo. Ukimaliza, nitakugombeza mpaka nichoke, maana kwa barua sishibi.

Kitanda chako cha zamani nimekihamishia chumba cha mbele, mbali na ghala.

Mama yako