Kitambaa Cheupe Mkononi mwa Mgonjwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Embu, 12 Machi 1954

Jina: Njoki, mke wa Ireri. Umri: miaka arobaini na sita hivi. Kazi: dobi, hospitali ya misheni. Makao: karibu na soko la Kianjokoma.

Mimi ndiye mama mzazi wa Wambeti, mliyemfungia hapa tangu juzi. Andika vizuri, Bwana Koplo: ni nesi, si mfagiaji. Huku kwetu hakuna msichana mwingine aliyevaa kofia ile ya unesi.

Kazi yake ni mlangoni. Watu wakifika asubuhi, kafyu ikiisha, huwapitia mmoja mmoja. Hushika shingo, hutazama midomo na kucha, kisha husema nani aingie kwa daktari sasa na nani angoje. Wa kuingia sasa humfunga kitambaa cheupe mkononi ili dresa, msaidizi wa daktari, asimzuie. Vitambaa hivyo navikata mimi kutoka shuka kuukuu za wodi.

Msidhani ni kazi nyepesi. Mwanangu ana nguvu, alikuwa akibeba kuni nyingi kuliko kaka zake. Lakini siku hizi akifika nyumbani hukaa tu kigodani bila kuvua viatu, chakula kinapoa. Aliniambia, "Mama, kufunga kidonda hakunichoshi. Kinachonichosha ni kumwambia mtu angoje, naye ananitazama."

Mnamo tarehe 9 Machi, asubuhi, nilikuwa naanika bendeji kando ya mlango. Hedimani Nthiga, mkubwa wa homugadi, walinzi wa serikali kijijini, alikuja amejikata kidole kwa panga akipasua kuni. Alikuwa na kile kitambaa cheupe cha homugadi mkono wa kushoto. Nyuma yake wanawake wawili walileta mwanamume ndani ya gunia la viazi. Huyo hakusema neno. Midomo ilikuwa kama majivu.

Wambeti alimfunga kitambaa yule wa gunia. Nthiga akafoka, "Wewe msichana, hunijui? Mimi ni serikali!"

Wambeti akasema, "Nakujua, baba. Mwenye pumzi ya kunifokea ana pumzi ya kungoja. Kaa hapo."

Watu walicheka. Nadhani kesi ilianzia kwenye kicheko hicho.

Mchana askari waliingia wodini kusaka watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali. Walimwona yule wa gunia na kitambaa cheupe mkononi, wakadhani ni homugadi mwenzao. Mmoja alimwambia, "Pole, ndugu," wakapita. Kesho yake alikufa, na hapo ndipo alipotambuliwa kuwa alitoka msituni. Nthiga akasema mwanangu alimvisha alama ya homugadi ili kumficha.

Wambeti hakumuuliza yule wa gunia ametoka wapi. Haulizi mtu yeyote. Angekuwa anauliza, foleni ingefika sokoni.

Kitambaa kile ni cha shuka. Kina uzi wa buluu ukingoni, niliushona mimi. Na siku ileile, jua la saa sita, Nthiga alianza kutokwa na jasho baridi. Mwanangu hakukumbuka matusi, alimfunga naye kitambaa cha shuka mkono wa kulia, akaingia kwa daktari. Hajakifungua. Nimempita sasa hivi kwenye benchi lenu, anatembea na vitambaa viwili, chao na chetu. Mwambieni anyooshe mkono wa kulia.

Tangu mmchukue Wambeti, mlangoni anaingia mwenye sauti. Jana Mukami, jirani yangu, alifika na mtoto mgongoni. Mtoto hakulia, kwa hiyo hakuna aliyemtazama. Zamu yao ilipofika, Mukami alifungua leso, akatazama, akaifunga tena, akarudi nyumbani bila kuingia kwa daktari.

Mwanangu angemwona.

Sina zaidi, nimechoka. Niliyosema ni niliyoyaona. Nimesoma hadi darasa la pili, kwa hiyo naandika jina langu, sitaki dole gumba.

(Sahihi) Njoki Ireri

Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi, akakubali. Mlalamishi Nthiga ameitwa na kunyoosha mkono wa kulia. Kitambaa kina uzi wa buluu. Alipoombwa akifungue, alikataa, akisema kidonda bado kinamuuma na nesi hajamruhusu. Nimemwomba Inspekta amwachilie nesi leo, kabla mlango wa hospitali haujafunguliwa kesho.

Abubakar Idrisi, Koplo