Kijitabu cha Mashine Nilichokificha

S.L.P. 41,
Nkubu, Meru.
22 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Ednah,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, baridi ya huko Leeds imepungua? Na goti lako limepona? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na maharagwe ya mama yameshaota.

Vijitabu vya zamani vya kutangaza mashine za kufulia ulivyotutumia vilifika salama. Kile chenye picha ya mwanamke anayefua akiwa amevaa viatu virefu kilituchekesha sana. Mama alisema, "Huyu hajawahi kufua blanketi." Nimevipanga vyote kwenye faili kufuata miaka yake, kama nifanyavyo tangu nikiwa Gredi ya Saba.

Baba Mdogo Mwongera bado anakusanya mashine kuukuu za kufulia, na sasa amepata ya tano. Ni ya duara, na juu ina mipira miwili mirefu inayobana nguo na kuzikamua. Tuliitoa Kionyo kwa mama mmoja ambaye kuku wake walikuwa wakitagia ndani. Nilisugua kutu kwa msasa majuma sita, hadi vidole vikachubuka. Tena macho ya baba mdogo hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo mimi ndiye humsomea vijitabu.

Kisha shule zikafungwa, na dada Gatwiri akaja kutoka bweni kule Embu. Unajua amebeba jina la nyanya, mama yake baba mdogo, basi yeye humwita mama. "Mama amefika! Mpeni mama kiti!" Papo hapo akatangaza kwamba Jumamosi Gatwiri ndiye atakayewasha mashine. Shangazi, msasa wenyewe hajaugusa!

Ijumaa asubuhi nilikificha kijitabu cha mashine hiyo katika begi langu la shule. Baba mdogo alipotaka nimsomee ukurasa wa kufunga mipira, nilimwambia kwamba sikipati. Akaifunga kwa kukisia.

Jumamosi majirani walikuja kutazama. Gatwiri aliwasha, mashine ikanguruma, watu wakapiga makofi. Moyoni nilitaka ikwame. Kisha akapitisha leso ya marehemu nyanya, mipira ikaivuta na kuipasua katikati. Gatwiri alilia sana. Baba mdogo alisema tu, "Pole, mama. Ni haya macho yangu."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Jumapili baada ya kanisa nilimpelekea kijitabu, nikamweleza yote mbele ya Gatwiri. Baba mdogo akanirudishia kijitabu, akasema, "Haya, soma." Nilisoma, naye akalegeza skrubu mbili hadi mipira ikakaa sawa. Hajasema kama amenisamehe, lakini jana alinituma nimletee bisibisi. Gatwiri ameishona leso. Bado haniongeleshi.

Sitakudanganya, wivu haujaniisha. Namwomba Mungu auondoe, lakini nikisikia "mama" moyo unauma palepale. Ninakuomba jambo moja tu. Bahasha yako iliandikwa "Mwongera na Gatwiri." Ukipata kijitabu kingine, hata kilichochanika, tafadhali andika juu yake jina langu. Nitawasomea wote wawili, bila kuruka ukurasa.

Baba, mama na baba mdogo wanakusalimu. Nisalimie Mjomba Gedion, na umbusu mtoto Runji kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote kwa blanketi lake katika baridi hiyo.

Mpwa wako akupendaye na kungoja barua yako,
Kawira